Mkaa wa Kuchorea wa Nyumbani: Kijiti Kikikataa, Chanzo Kiko Wapi?

Kabla hujalaumu moto, chukua kijiti kimoja kati ya vile ulivyotoa kwenye kopo la kuchomea, kivunje katikati, uangalie pale kilipokatikia. Mkaa mzuri wa kuchorea ukivunjika hutoa mlio mkavu na mwepesi, na ndani ni mweusi ule ule kuanzia ukingoni hadi kwenye kiini, bila doa la kahawia na bila mng'ao wa lami. Ukikisogeza karibu na jicho unaona hata vitundu vidogo ambamo zamani maji ya mti yalikuwa yakipita. Ukiona mvunjiko wa namna hiyo na bado mchoro unakusumbua, tatizo liko kwenye karatasi au kwenye utunzaji, na nimeligusa mwishoni. Ukiona kingine, tafuta hapa chini sehemu inayofanana na ulichokiona.

Naandika kwa ajili ya mtu anayechoma hapa Dar es Salaam, uani au nyuma ya nyumba, kwa jiko la mkaa, kopo la maziwa ya unga na matawi yaliyopogolewa mtaani. Maelekezo mengi yanayozunguka yametoka nchi za baridi, ambako watu wana miti ya wilo, mti laini unaopendwa kwa mkaa wa kuchorea, kandokando ya mito na hewa kavu ndani ya nyumba. Sisi tuna mwembe, mwarobaini na upepo wa bahari. Ndiyo maana nashikilia kwamba kasoro nyingi tunazoubebesha moto huwa zimeshaingia kwenye kijiti kabla kiberiti hakijawashwa.

Ili tuwe tunazungumzia kitu kimoja: vijiti vimemenywa gome, vimekauka, vimekatwa vifupi kidogo kuliko kimo cha kopo, vimepangwa wima vikabanana. Kifuniko kimebana, kina tundu moja la msumari mwembamba. Kopo liko motoni, nje ya nyumba. Kazi ya kopo ni kuunyima mti oksijeni ili upate joto bila kuungua. Maji yanatoka kwanza, kisha gesi na lami, na kinachobaki ni kaboni. Kijiti kinabaki na robo hadi theluthi ya uzito wake, na kinapungua unene zaidi kuliko urefu, kwa hiyo usishangae kukuta vijiti vilivyobanana jana vinachezacheza ndani ya kopo leo.

Nje cheusi, ndani kahawia

Kijiti hiki hakijaiva. Ni kizito kidogo mkononi, kikivunjwa kinaacha nyuzinyuzi, na kwenye karatasi kinatoa mstari hafifu wa rangi ya udongo. Joto halikufika katikati, au lilifika halikukaa. Mti huanza kugeuka mkaa kwa kasi kwenye nyuzi 280 hivi za Selsiasi, na chini ya hapo sehemu kubwa ya joto lako inatumika kufukuza maji. Vijiti vibichi vinaweza kula moto wa saa nzima vikawa bado vinachemka tu.

Usiangalie saa, angalia tundu. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito. Ukishika kijiko baridi juu yake kinatoka na matone, kwa sababu huo ni mvuke. Unapungua, na mara nyingi panakuwa na kipindi cha utulivu ambacho humdanganya mtu aone kazi imekwisha. Haijaisha, maji ndiyo yamekwisha. Baada ya hapo unakuja moshi wa manjano ya kijivu, unaochoma macho na kunuka kama nyama iliyokaushwa kwa moshi. Pitisha njiti ya kiberiti juu ya tundu: gesi inashika, na mwali mdogo unasimama juu ya kifuniko. Mwali huo ndio mwalimu wangu katika kazi hii yote. Unarefuka, unatulia, unabaki hivyo kwa muda, kisha unaanza kufupika, unazima, unawaka tena ukiuchokoza. Ukifika mahali haushiki hata ukiuwasha, na moshi uliobaki ni mwembamba usioonekana vizuri, liache kopo dakika 10 nyingine kisha ulitoe.

Kama ncha ya chini ni nyeusi na ya juu ni kahawia, basi jiko linachoma kitako cha kopo peke yake. Lizamishe kopo kwenye makaa hadi mabegani, au funika jiko lote kwa debe lililokatwa ili joto lizunguke. Wanaochomea karibu na ufukwe, Kigamboni au Kunduchi, wanahitaji kizuizi cha upepo hasa miezi ya kusi, kwa kuwa upande unaopigwa na upepo hubaki nyuma. Na usichanganye vijiti vyembamba kama penseli na vinene kama dole gumba kwenye kopo moja. Wakati vinene vinaiva, vyembamba vimeshapitiliza.

Habari njema ni kwamba kijiti kisichoiva hakijaharibika. Kirudishe kwenye kopo, uchome tena. Mafundi wa Italia wa miaka mia kadhaa iliyopita walikuwa wakipanga vijiti kwenye chungu kipya, wanaziba kwa udongo, wanapeleka jioni kwa mwoka mikate aliyemaliza kazi ili vilale kwenye tanuri hadi asubuhi. Wakikuta havijawa vyeusi, wanavirudisha ndani. Kama mtaani kwako kuna tanuri la mikate na mwenyewe anaelewana na wewe, njia hiyo bado inafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu joto la tanuri linalopoa polepole halina papara.

Umefungua ukakuta majivu

Hapa hewa imeingia, na swali ni imeingia lini. Kama ni vijiti vilivyo karibu na tundu tu vilivyogeuka vyeupe, tundu ni kubwa mno. Tundu la msumari wa milimita 2 au 3 linatosha kwa kopo la maziwa. Kama ni vijiti vya pembeni, upande mmoja, kifuniko kina mwanya au kopo limetoboka. Makopo haya ni ya bati jembamba na hayadumu. Baada ya kuchoma mara chache, liinue lielekee jua, chungulia ndani, utafute vidoa vya mwanga. Kopo lenye hata nukta moja ya mwanga limestaafu.

Kama vyote vimekuwa na ngozi ya majivu kuanzia juu hadi chini, ulifungua kopo likiwa bado na moto. Mkaa wa moto ukikutana na hewa hujiwasha wenyewe, hata kama kwa macho unauona mweusi umetulia. Bati la nje linapoa haraka, ukiligusa unadhani tayari, kumbe katikati ya fungu bado kuna joto la kutosha. Ukilitoa tu jikoni, ziba tundu kwa bonge la udongo mbichi, au lizike kopo kwenye mchanga mkavu, ulale. Lifungue asubuhi. Usilipoze kwa maji. Yakipenya, vijiti vinapasuka, na utaanza kukausha upya.

Mwanya wa kifuniko unazibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Udongo mtupu hupasuka unapokauka, majivu yanapunguza hilo. Lakini tundu liachwe wazi muda wote moto unapowaka. Kopo lililozibwa kabisa linajaza gesi isiyo na pa kutokea, na kifuniko kitaruka na makaa yake. Hili nalisisitiza kwa sababu watoto wanapenda kuja kuuangalia ule mwali.

Wapo wanaojaza mchanga kati ya vijiti, na mimi napendelea hivyo: hewa inapungua, na vijiti vinanyooka. Tumia mchanga wa mto uliochekechwa ukakaushwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe.

Vimepinda, au vimepasuka kwa urefu

Hapa ndipo Dar inapotushika. Kijiti kinachoingia motoni na maji mengi hutoa mvuke kwa nguvu, na mvuke usipopata njia hupasua. Upande uliokuwa mbichi zaidi unasinyaa zaidi, kijiti kinapinda kuelekea huko. Hakuna namna ya kuwasha moto itakayorekebisha hilo. Dawa iko kwenye wiki za kabla.

Menya gome siku ile ile tawi linapokatwa, wakati bado linachunika lenyewe kwa ukucha. Likikauka juu ya mti utalikwangua kwa kisu na kuacha makovu. Funga vijiti mafungu mafungu kwa waya laini wa kufungia nondo, sehemu mbili, vikibana, kisha vitundike kivulini penye upepo: barazani, chini ya paa la uani. Kuvianika juu ya bati kwenye jua la saa 7 mchana kunavutia kwa sababu vinakauka haraka, lakini ncha hukauka kabla ya katikati, na mipasuko huanzia kwenye ncha hizo. Ukilazimika, acha kila kijiti kirefu kuliko unavyohitaji, kisha ukate ncha zilizopasuka kabla ya kuchoma.

Hata vikikaa barazani miezi, havitakauka kabisa. Kuni zinakubaliana na hewa iliyozizunguka, na kwa hewa ya pwani yetu hubaki na maji ya asilimia 15 hivi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ni zaidi. Kwa hiyo kuna hatua ya mwisho ambayo maelekezo ya ugenini hayaitaji: baada ya kupika chakula cha usiku, jiko likibaki na makaa yanayofifia, weka wavu juu yake kwa kimo cha shubiri moja au zaidi na ulaze mafungu hapo hadi asubuhi. Rudia usiku kadhaa. Mwenye mzani wa jikoni apime fungu kila asubuhi, na uzito ukiacha kushuka, vimekauka. Asiye na mzani agonganishe vijiti viwili: vikavu vinalia kwa sauti kali ya juu, vibichi vinatoa mlio mzito uliokufa. Sikio linajifunza haraka kuliko unavyodhani.

Kisha moto wenyewe uanze taratibu. Inua kopo juu ya mafiga kwa nusu saa ya kwanza, lishushe kwenye makaa pale mvuke unapopungua. Vijiti vyenye vifundo vitapinda tu hata ufanye nini, maana nyuzi za mti huzunguka kifundo. Kata kati ya kifundo na kifundo, utumie vile vifupi.

Kinakwaruza karatasi

Mchoro unakwenda vizuri, ghafla kijiti kinapiga mstari mwembamba wa kijivu na kuacha mfereji kwenye karatasi. Wakati mwingine ni chembe ya mchanga au baki la gome, nalo linaondoka kwa msasa laini. Mara nyingi zaidi ni mti wenyewe.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kwa nini usichukue tu kipande kutoka kwenye gunia la mkaa wa kupikia. Mkaa unaoingia mjini kutoka Pwani, Morogoro na Tanga hutengenezwa kwa miti migumu, kwa sababu mpishi anataka mkaa mzito unaokaa na moto. Mchoraji anataka kinyume chake: mkaa mwepesi, wenye matundu, unaokubali kusagika ukiguswa na karatasi. Ugumu wa mti unahamia kwenye mkaa wake. Kwa sababu hiyo hiyo, vipande vya mpingo vinavyobaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge, pamoja na uzuri wake wote, havifai. Mvinje wa ufukweni nao ni mgumu mno. Mikoko usiiguse. Ni migumu, na zaidi ya hapo ni misitu ya hifadhi inayolinda pwani yetu.

Mnazi hauna mbao kama za mwembe. Una nyuzi ngumu zilizotawanyika ndani ya nyama laini, na mkaa wake unachora hivyo hivyo, mahali laini, mahali mwiba. Mwanzi una silika inayokwaruza, na pingili zake zilizofungwa hupasuka kwa kishindo motoni. Ukiamua kuutumia, upasue kwanza vipande vya urefu.

Nikichagua mwenyewe, naanza na mzabibu. Duniani kote ni mti wa heshima kwa kazi hii, na matawi yake hupogolewa kila msimu katika mashamba ya Dodoma. Mwenye ndugu huko aagize fungu. Mjini hapa matawi machanga ya mwembe yanatoa mkaa wa wastani unaofaa kwa kazi nyingi, na matawi ya haibiskasi ya uzio, yale yaliyonyooka, yanatoa mstari laini wa kuchorea nyuso. Mlonge ni laini kupita kiasi kwa mistari, lakini kwa kujaza kivuli kikubwa ukilaza kijiti ubavu, sijaona unaoushinda. Mti wowote mgeni kwako, choma vijiti vitatu vinne kwanza ndani ya fungu la mti unaoujua, uwekee alama kwa waya.

Kinageuka unga mkononi

Kimepitiliza, au kilikuwa chembamba mno, au mti una kiini kikubwa. Shina la muhogo ni mfano: katikati ni sponji, na baada ya moto linabaki bomba lenye kuta nyembamba. Mpapai hata usijaribu. Kwa miti yenye kiini kidogo, kisukume kitoke kwa waya kabla ya kuchoma. Kilichopitiliza hakirudi, ila hakitupwi. Kisage, uchekeche kwa kitambaa chepesi, utumie unga huo kupaka kivuli kwa pamba au brashi.

Kinanata, kinang'aa upande mmoja

Ni lami. Moshi ulikutana na sehemu baridi ya kopo, ukageuka matone, yakavidondokea vijiti. Hutokea kopo likiwa refu kuliko moto wake, au likitolewa kabla ya ule mwali kuzima. Vichome tena, safari hii kopo lote likiwa ndani ya joto.

Harufu kali, macho kuwasha kupita kawaida

Moshi wa kuni unachoma macho, hilo ni la kawaida. Harufu ya rangi au plastiki si ya kawaida. Kopo jipya lichomwe tupu kwanza, wazi, hadi rangi ya nje na utando wa ndani viishe. Bati la kuezekea, lile la mabati, limepakwa zinki, na moshi wake ukipata joto kali ni sumu, kwa hiyo liache. Mabaki ya mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa yaache pia, na usiguse matawi ya mnyaa: utomvu wake unaweza kujeruhi jicho vibaya. Kazi yote ifanyike nje. Jiko ndani ya chumba hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na imeshaua watu waliolala.

Kijiti ni kizuri, mstari haushiki

Karatasi ya kuchapishia ni laini mno. Unga wa mkaa unahitaji vijikwaruzo vya kukaa. Geuza upande usiong'aa wa manila, au tumia karatasi ya kaki, ambayo mkaa mweusi na chaki nyeupe vinakaa vizuri juu yake. Jasho la kiganja ni adui mwingine wa mji huu: linaacha doa la mafuta ambapo mkaa hautashika tena, hivyo weka kipande cha karatasi chini ya mkono. Kufuta, chukua nyama ya mkate mweupe wa jana, ifinyange iwe kidonge, ugonge taratibu bila kusugua. Wachoraji walitumia mkate kabla raba haijajulikana.

Kama vijiti vilichora vizuri wiki ya kwanza na sasa vimefifia, vimevuta unyevu. Mkaa ni matundu matupu, hunywa hewa ya bahari mchana na usiku. Viweke juu ya wavu wenye joto kidogo, mbali na cheche, kwa saa moja, kisha kwenye chupa ya kioo ya jemu yenye kifuniko kinachobana, na kipande cha kitambaa chini ili visivunjike ukiibeba kwenye daladala.